Karatasi Haili Kiapo

Tulimwita Karani, na hapa nitamwita hivyo hivyo, ingawa jina lake nalijua. Nililijua nimechelewa, na kuchelewa huko kuliniponza, kwa hiyo silitaji. Miaka yote aliridhika kuitwa Karani. Basi abaki nalo.

Alikuwa karani kweli, si utani. Kabla ya kustaafu aliandika na kupanga majalada kwenye mahakama ya mwanzo kwa miaka mingi, na ndiye aliyesimama mlangoni akiita watu waingie. Mimi huko sikumkuta. Nilimjua mtaani Sakina, kwenye nyumba ya wapangaji tuliyohamia na mama nikiwa darasa la tano, nyuma ya gereji, hatua chache kutoka barabara ya Nairobi. Vyumba sita, bomba moja, geti moja. Chumba chake kilikuwa cha mbele, dirisha linatazama geti, na ufunguo wa kufuli ulining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wake. Aliyetaka kuingia na gari au mzigo alimgongea yeye. Hilo geti msilisahau.

Watu wakimwelezea mzee wa mtaani huanza na wema wake. Wema alikuwa nao, nitausema, sitamnyima. Lakini nina mtoto wa kike wa miaka sita ambaye halali kwangu, na njia iliyompeleka alipo ilipita mbele ya macho ya mtu huyu. Kwa hiyo nitamchora kama alivyo. Anayetaka kusikia kwamba alikuwa mtu wa watu asubiri msibani, maana hajafa.

Ni mrefu, mkavu, shingo ndefu. Anatembea mikono nyuma, anainua miguu juu kama mtu anayevuka matope hata pakiwa pakavu. Suruali yake ya kazini, nyeusi, aliendelea kuipiga pasi ya mkaa kila jioni hata baada ya kustaafu, na juu ya sikio la kulia huchomeka kalamu mbili, ya bluu na ya nyekundu. Sasa kama hujawahi kumwona ndege anayeitwa karani tamba, ndiyo huyo nimeshakuonyesha. Ndege mrefu kuliko mtoto wa chekechea, mapaja meusi kama amevaa kaptula, manyoya yamemtoka kisogoni kama kalamu za mtu wa ofisini. Anatembea nyikani kutwa nzima kama anakagua shamba la baba yake. Mafundi wa gereji walisema Karani anakwenda porini kumsalimia ndugu yake.

"Karani, shemeji yetu wa kule hajambo?" walimwuliza kila Jumamosi akipita.

"Hajambo. Ameuliza kama ile gari ya mwalimu imeshapona, au mmeamua kuizika hapo hapo."

Hakugeuka wala hakucheka. Wao ndio walicheka.

Kila Jumamosi alikwenda. Alishuka Ngaramtoni, akaendelea mbele mpaka nyuma ya mlima, kisha akaacha lami na kutembea. Asiyetoka nje ya mji hajui kwamba mlima Meru una upande mwingine. Huku kwetu kuna migomba, kahawa, maji kwenye mifereji. Ukizunguka kule, mvua imekatika kama imekatwa na kisu. Nyasi za kukwaruza, migunga, vumbi la majivu linaloingia mpaka kwenye meno. Mlima umewapa mgongo watu wa kule.

Mimi nilianza kwenda naye nikiwa kidato cha pili. Nilikuwa nimeanguka Bayolojia, mama akasema, "Nenda na Karani ukaone wanyama, labda kitaingia kitu kichwani." Tulianza watoto wanne wa nyumba ile. Wenzangu walichoka wiki ya pili kwa sababu Karani hakupiga stori, hakununua soda, na chai ya kwenye chupa yake hakumpa mtu. Darubini yake, ambayo jicho moja lilikuwa limepasuka, alimpa kila mtu. Chai hapana. Nilibaki peke yangu, na sitasema uongo, nilipenda. Nilikuwa na miaka kumi na tano na hakuna mtu mzima mwingine aliyewahi kunipa kitu chake cha thamani akasema, "Shika, tazama mwenyewe."

Nilichokiona naweza kukichora hata leo. Karani tamba hawindi kwa kurukia kutoka angani kama ndege wengine wa kucha. Anatembea. Akifika kwenye kichaka cha nyasi anasimama, anakipiga kwa mguu, pa, pa, pa, kama mtu anayegonga mlango wa mdeni. Anangoja. Kikitoka kitu, panzi, mjusi, panya, anakikimbiza mabawa wazi. Akiwa nyoka ndiyo utajua. Siku moja tulimwona na nyoka wa kijani mwenye urefu wa kamba ya kuanikia nguo. Nyoka aliinua kichwa, ndege akatandaza mabawa mbele, nyoka akauma manyoya. Mguu ulishuka. Sikuuona ukishuka, nilisikia tu. Halafu tena, tena, kichwani hapo hapo, hakosei, na baada ya kila pigo anarudi nyuma hatua moja na kuinamisha shingo, anatazama kama kazi imekwisha. Alimmeza mzima, kuanzia kichwani.

Karani aliandika. Alikuwa na kaunta buku aliyoichora mistari mwenyewe kama rejista: saa, mahali, nani, nini. Kalamu ya bluu kwa kilichoonekana. Nyekundu kwa kilichokufa. Ukifungua kurasa zake ni bluu, bluu, bluu, halafu mstari mwekundu peke yake.

Safari ya tatu au ya nne, ndege aligonga kichaka kikatoka kitoto cha sungura. Kilikuwa kidogo, kinatoshea kwenye kiganja. Kilikimbia kikaja upande wetu, si mbali, kama kutoka hapa mlangoni mpaka bombani, kikajibanza nyuma ya jiwe. Ndege akawa anakuja, hana haraka. Nikaokota kokoto.

Karani akanishika mkono.

"Weka chini."

"Karani, kiko hapa hapa."

"Nimekiona. Tumekuja kuona, hatukuja kusaidia."

"Kwani tukisaidia tunapungukiwa nini?"

"Tukisaidia hatutajua angefanya nini."

Nilijua angefanya nini, na yeye alijua. Kitoto cha sungura kilipigwa mara tatu. Nililia, na yeye akachomoa kalamu nyekundu sikioni akatazama saa yake. Njiani kurudi aliniambia, kwa upole kabisa, kwamba mtu anayeona bila kuingilia ndiye pekee anayeaminika kusema kilichotokea. Wote wengine wana upande. Nikaona ni maneno makubwa. Niliyaandika nyuma ya daftari la shule.

Mahakamani ndiko alikochukua tabia hiyo. Alisimulia mambo ya huko mara chache, hadithi moja moja, bila majina. Kwamba mwanamke mmoja alifika na barua ya mumewe inayokiri kila kitu, yeye mwenyewe Karani aliipokea na kuipiga muhuri, na kesi ikaanguka kwa sababu mume alikana na aliyeshuhudia barua ikiandikwa hakutokea. "Karatasi haili kiapo," alisema. "Ukiniletea karatasi tupu, umeniletea cha kufungia maandazi. Lazima mtu asimame aseme, mimi ndiye niliyeandika, na hivi ndivyo ilivyokuwa." Nilimwuliza yeye alimwambia nini yule mwanamke. Alinishangaa. "Mimi? Karani hasemi. Karani anaandika."

Haya, na wema wake. Nilipata mimba mwaka niliomaliza kidato cha nne, hata matokeo hayajatoka. Mama alininunia mwezi mzima, tunakula sahani mbali mbali. Karani ndiye pekee uani aliyeendelea kunijibu salamu kwa sauti ile ile. Nilipojifungua alipanda mlimani kwa kaka yake, akarudi na mkungu wa ndizi begani, akauweka mlangoni kwetu. "Za mtori," akasema, ile supu ya ndizi ya mzazi, akaenda zake. Mwanamume wa umri ule, na suruali yake ya pasi, ana utomvu wa mgomba shingoni. Hakuniuliza mimba ilikuwa ya nani. Wakati ule niliona ni heshima. Sasa naona ni ile ile, hajawahi kuuliza kitu, hungoja kionekane.

Mwanangu nilimwita Anjela. Baba yake alimtambua, alikuja mara mbili tatu, halafu akaoa mwingine, akanyamaza. Mama alirudi kwao kumuuguza bibi. Mimi nikapata kazi shamba la maua, kufunga waridi, kuingia asubuhi na kutoka jioni, na mtoto nikamwacha kwa Karani. Uani pote hakuna aliyeshangaa. Alimpikia uji, alimkata kucha, alimfundisha kushika kalamu. Na alimfundisha mchezo. Anjela wa miaka mitatu, mikono nyuma, anainua mguu juu kabisa, anapiga majani ya mparachichi yaliyokauka pale uani, pa, pa, pa, anainamisha shingo, anatazama kama kuna kitu kimetoka. "Babu Karani, hakuna." Naye kutoka dirishani, "Gonga tena." Jirani yangu wa chumba cha pili, Mama Glori, alikuwa akicheka mpaka anashika ukuta.

Siku waliyomchukua, Anjela alikuwa na miaka minne. Nilirudi saa kumi na moja. Karani alikuwa amekaa kwenye kigoda chake mlangoni, kaunta buku imefungwa mapajani.

"Wamemchukua," akasema.

"Nani?"

"Baba yake, na watu wawili."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa naona."

Nilimwuliza waliingiaje, geti lilikuwa wazi? Akapangusa vumbi kwenye jalada la kaunta buku. Nilimwuliza mtoto alilia? Akasema, "Alilia." Mama Glori alikuwa sokoni. Mafundi walisikia gari lakini walikuwa chini ya lori. Kwa hiyo dunia nzima, mtu aliyeona ni mmoja.

Anjela alipelekwa kwa bibi yake mzaa baba, upande wa Moshi. Nilikwenda wakanifungia mlango. Nikaenda ustawi wa jamii, nikaenda mahakamani. Mtoto mdogo hukaa na mama yake, kila mtu aliniambia hivyo, labda mama awe na kasoro. Wakaleta kasoro. Baba yake alisema alimkuta mtoto peke yake uani, geti wazi, hakuna mtu mzima, hajala. Alisema mimi nilimtelekeza.

Nilimfuata Karani jioni ile ile. "Njoo useme tu ulichokiona. Dakika tano."

"Binti yangu, nimekaa kule miaka mingi. Aliyeingia kuwa shahidi hatoki kama alivyoingia."

"Na mtoto wangu ametoka kama alivyoingia?"

Akatazama chini. "Karani hasemi," akasema, na ni bora angenitemea mate.

Nikamtaja mwenyewe. Na hapa ndipo mnicheke, maana walinicheka. Hakimu aliniuliza, "Siku hiyo mtoto ulimwacha kwa nani?"

"Kwa Karani."

Yule dada aliyekuwa akiandika akainua kichwa. "Kwangu mimi?"

Watu wakacheka. Hakimu mwenyewe alitabasamu kidogo, kisha akauliza, "Karani nani, mama?"

"Karani wa nyumbani kwetu. Tunamwita Karani."

"Ana jina."

Nikafungua mdomo. Kumi na tatu, kumi na nne, sijui ni miaka mingapi nimekaa na mtu huyu. Najua anatia chumvi kwenye chai. Najua pasi yake ina mpini uliofungwa kwa waya. Jina silijui. Uani kwetu mtu ni Mama fulani, au Fundi, au Karani, na kumwuliza mzee jina lake ni kama kumwuliza mshahara. Hakuna aliyewahi kumwuliza, na yeye hakuwahi kusema.

"Kwa hiyo," hakimu akasema, na sasa hatabasamu, "mtoto wa miaka minne ulikuwa ukimwacha kutwa nzima kwa mwanamume usiyemjua hata jina."

Baba Anjela alikunja karatasi zake. Hakuzihitaji tena.

Jina nililipata kwa mwenyekiti wa mtaa, wiki ileile. Samansi ikaandikwa, ikapelekwa, Karani akaipokea kwa mkono wake na kuweka sahihi. Anajua samansi ni kitu gani, alikuwa akiziandika yeye. Siku ya kesi ilikuwa Jumatano. Aliitwa mlangoni mara tatu, kwa lile jina geni, na kila lilipoitwa niligeuka kutazama mlango. Jioni nilimkuta bombani anaosha viatu. Viatu vilikuwa vyeupe kwa majivu ya kule. Siku zote alikwenda Jumamosi. Wiki ile alikwenda Jumatano.

Kwamba hajui kuingilia, huo ni uongo, na mimi ni shahidi wa uongo huo. Nilipokuwa kidato cha tatu, katapila lilikuja kule nyikani kuchimba moramu, na mbele yake kulikuwa na mgunga ule tuliokuwa tukiutazama, wenye kiota juu. Karani alikimbia. Sijawahi kumwona akikimbia kabla wala baada. Alisimama mbele ya chuma kile na mwavuli wake, akapiga kelele, "Simamisha, kuna mtoto humu." Dereva alizima mashine, akaruka chini, anatazama chini ya magurudumu. "Mtoto yuko wapi, mzee?" Karani akaelekeza mwavuli juu. "Kule. Ana wiki tano." Dereva alimtukana matusi ambayo siyaandiki, kisha akacheka, kisha akazungusha katapila akachimba pembeni. Siku ile nilimwona Karani shujaa. Nimeirudia siku ile mara nyingi kitandani. Kuna mtoto humu. Kumbe maneno hayo alikuwa anayajua.

Baada ya Jumatano ile niliacha kumwamkia. Anayejua kwetu anajua huo ni uzito gani. Mzee amekaa mlangoni, mimi napita na ndoo yangu, kimya. Wiki ya kwanza alininyooshea shingo, anangoja. Wiki ya pili akaanza kuitikia. Mimi sijasema neno, yeye, "Marahaba." Kila asubuhi. Mama Glori aliniambia, "Mdogo wangu, unamtia mzee wazimu." Nikamwambia nimemwacha aone tu, sijamwingilia.

Hukumu ikasomwa. Mtoto abaki kwa baba, mama aruhusiwe kumwona kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Yule "mwanamume asiyefahamika hata kwa jina" amo ndani ya hukumu, mara mbili. Mwezi huo huo Karani alihama, akaenda kukaa kwa mpwa wake, mtaa wa Olasiti.

Nilikwenda kumwona Anjela. Karibu miaka miwili nilikuwa nikimtazama kwenye picha ya simu. Bibi yake alimtoa nje, amesukwa vizuri, amevaa sare ya chekechea. Alinisogelea akainama kidogo kama alivyofundishwa.

"Shikamoo, anti."

Nikaitika marahaba. Mngetaka niseme nini? Nilimpa biskuti, akashukuru, akaniuliza kama mimi ni mwalimu. Baadaye bibi yake alimwambia akacheze. Akaenda chini ya migomba, mikono nyuma, akainua mguu juu, akapiga majani makavu, pa, pa, pa. Akainamisha shingo. Nikamwuliza nani alimfundisha. Alifikiri. "Babu," akasema. Babu yupi, hakujua. Miguu yake ilimkumbuka Karani. Mimi hakunikumbuka popote.

Ndipo Mama Glori aliponiletea ujumbe. Karani amesema Jumamosi atakuwa kule, niende, ana kitu changu.

Nilikwenda kwa hasira, na hasira ina miguu. Kule kumebadilika. Mgunga wa kiota haupo. Viwanja vimepimwa, kuna mawe ya mipaka yamepakwa rangi, kuna senyenge, na mashimo ya moramu yamefika mpaka tulipokuwa tukikaa. Alikuwa amekaa juu ya jiwe la mpaka la mtu, amekonda, koti limemzidi. Mbele yake, karibu na senyenge, kulikuwa na karani tamba mmoja. Zamani walitembea wawili. Huyu alikuwa anagonga kichaka.

Nilisimama. Sikuamkia.

"Marahaba," akasema.

Akanipa kaunta buku. Alikuwa ameweka njiti ya ufagio kwenye ukurasa. Nikafungua, na kabla ya kusoma niliona rangi. Ukurasa mzima ni mwekundu.

"Saa nne na dakika kumi. Getini. Gari jeupe, watu watatu. Baba wa mtoto ameniamkia vizuri. Nimeitikia. Ameomba nimfungulie. Nimechukua ufunguo, nimefungua. Mtoto yuko mlangoni kwangu, amekunywa uji, anacheza karani. Amebebwa. Amelia. Ameniita mara mbili. Saa nne na dakika kumi na sita gari limeondoka. Mama yake yuko kazini, atarudi saa kumi na moja."

Nilisoma mara mbili.

"Ulifungua wewe," nikasema.

"Aliniamkia. Shikamoo mzee, kwa adabu, ameinama. Mtu akikuamkia vile unamwachaje nje ya geti?"

"Na alipokuita mtoto?"

Akatazama ndege.

"Leo ni siku ya ngapi tangu hukumu?" nikamwuliza. Nilikuwa najua. Nilitaka alitamke yeye.

"Ya thelathini na mbili."

"Na rufaa ni siku ngapi?"

"Thelathini."

Hakuhesabu kwa vidole, lilikuwa tayari mdomoni. Mtu aliyepokea rufaa maisha yake yote hakosei siku. Alingoja zikaisha, akaongeza mbili.

"Unaweza kuomba kuongezewa muda," akasema. "Huwa wanakubali, ukiwa na sababu. Sababu hiyo hapo."

"Nikiomba, utakuja kula kiapo?"

"Kila kitu kimo humo. Saa, gari, uji. Hakuna nilichoacha."

"Karatasi haili kiapo, Karani."

"Najua," akasema taratibu. "Mimi ndiye niliyekufundisha."

Kisha alifanya kitu ambacho sikukitegemea. Alijiinua kwenye lile jiwe kwa kushika goti, akavua kofia, mzee wa miaka sabini na kitu, akaniambia, "Shikamoo, mama Anjela."

Hakuwa anatania. Mzee haamkii mtoto, ni kujivua nguo. Najua alichokuwa ananipa, na najua kilichokuwa kinatakiwa kwangu, neno moja, tuondoke wote wawili tumepumua. Ndege aligonga, akangoja, akagonga tena. Hakutoka kitu.

"Hiyo haipokelewi mahakamani," nikasema. Nikaweka kaunta buku juu ya jiwe, nikachomoa ile kalamu ya bluu sikioni kwake, nikamwekea mkononi. "Andika jina lako hapa chini. Jina lako lote, na sahihi."

Aliinama juu ya ukurasa muda mrefu. Nilimwona anaanza, anasimama, anaanza. Mwandiko wake ulikuwa mzuri siku zote, wa kulala upande, wa watu wa zamani. Alipomaliza alipuliza wino ukauke, akafunga daftari kwa mikono miwili, akanipa, akarudi kukaa.

Nililifungua nikiwa nimeshafika lami, nangoja gari. Chini ya ule wekundu, kwa bluu, kwa mwandiko mzuri, alikuwa ameandika: Karani.

Daftari ninalo ndani ya begi la nguo za Anjela, zile zisizomtosha tena. Jumamosi ya mwisho wa mwezi nakwenda Moshi. Ataniamkia, nami nitaitikia.